Vitamini D: jua lipo tele, lakini tunalipata? (Walioko nyumbani na ughaibuni karibuni)

Mfamasia wa Leicester (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila ikifika Novemba naulizwa swali lile lile na Waafrika Mashariki wa huku Uingereza: hii vitamini D ninywe, au ni biashara za wazungu? Nikija likizo Dar nakutana na jingine. Akina mama wanaambiwa wamwanike mtoto kwenye jua la saa moja asubuhi, basi vitamini D imeshapatikana. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka uzi.

Si kila mwanga wa jua unatengeneza vitamini D. Kazi hiyo ni ya UVB peke yake, aina moja ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Ikifika kwenye ngozi inaigeuza aina fulani ya kolesteroli iliyomo humo, joto la mwili linamalizia, na vitamini D3 inaingia kwenye damu. Ini linaibadilisha mara ya kwanza, figo mara ya pili, ndipo inapoanza shughuli yake kubwa: kuuwezesha utumbo kunyonya kalsiamu.

Sasa, jua likiwa chini, miale inakuja kwa mshazari. Inapita kwenye hewa nyingi zaidi, na UVB karibu yote inaishia kwenye ozoni kabla haijakufikia. Jua la saa moja asubuhi linapendeza na linapasha joto, ila kwa vitamini D ni hafifu mno.

Namna rahisi ya kujua ni kutazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, usitegemee kitu cha maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limeshavuka nyuzi 45 na UVB ipo ya kutosha. Dar hilo linatokea kuanzia saa tatu na nusu hivi, au saa nne na dakika kadhaa mwezi wa sita, mpaka alasiri. Kila siku, mwaka mzima. London jua la mchana linavuka nyuzi 45 kuanzia mwanzoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Septemba tu. Mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, linapanda nyuzi 15 basi, na kivuli chako kinakuzidi karibu mara nne. Unaweza kusimama nje kifua wazi mpaka ukapata nimonia, vitamini D huipati.

Ndiyo maana serikali ya Uingereza inashauri kila mtu afikirie kumeza maikrogramu 10, yaani uniti 400, kila siku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Wenye ngozi nyeusi na wanaojifunika mwili mzima wanashauriwa mwaka mzima. Wengi wetu hatukuisikia sentensi hiyo ya pili. Melanini, ile rangi inayoitia ngozi weusi, ni mwavuli. Inatulinda, na palepale inapunguza UVB inayoingia. Watafiti wa Manchester walipopiga hesabu za jua la mchana la majira ya joto, Mwingereza mweupe alihitaji kama dakika 9 kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi. Wenye asili ya Kusini mwa Asia, kama 25. Sisi wa kina Tandale na Kisumu si weupe kuliko hao.

Karibuni kwa maswali. Matusi wekeni pembeni.

---

Mzee wa Pwani

Mleta mada unatuuzia vidonge kijanja. Babu yangu kaishi Kilwa mpaka kazikwa na meno yake yote, hajawahi kumeza hata panadol. Mwafrika na vitamini D wapi na wapi? Jua tumepewa bure.

---

Mfamasia wa Leicester

Mzee wangu, shikamoo. Babu yako yuko upande wangu.

Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapohapo Tanzania, wakachapisha mwaka 2012. Wastani wa vitamini D katika damu ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Huku 50 tunahesabu mtu yuko salama, na chini ya 25 au 30 ndiyo upungufu wenyewe. Watu wale hawakuwa na kidonge hata kimoja. Walikuwa nje tangu asubuhi mpaka jioni, shuka moja begani, jua likizidi wanaingia kivulini.

Babu yako alikuwa baharini au shambani. Mjukuu wake anatoka nyumbani Kimara saa kumi na moja alfajiri, anakaa ofisini Posta chini ya kiyoyozi, anarudi giza limeshaingia. Jumapili yuko kanisani, kisha kwenye mpira ukumbini. Jua ni lilelile, ila mjukuu halioni.

---

MamaTunu

Asante kwa darasa kaka, ila umenichanganya. Kliniki tumeambiwa jua la asubuhi. Mwanangu ana miezi miwili. Sasa nimtoe saa sita aungue? Bibi yake atanifukuza.

---

Mfamasia wa Leicester

Hapana dada, saa sita usimtoe. Ngozi ya mtoto wa miezi miwili ni laini sana.

Maziwa ya mama ni bora kwa kila kitu isipokuwa hiki, vitamini D iliyomo ni kidogo. Kwa sababu hiyo Marekani na Uingereza mtoto anayenyonya anapewa matone kila siku tangu siku zake za mwanzo, uniti 400 kwa Marekani, na Uingereza ni 340 hadi 400. Ulizia matone ya watoto wachanga kwenye duka la dawa lenye mfamasia, soma idadi ya matone kwenye chupa hiyohiyo, usitumie kipimo cha chupa ya jirani.

Kama hayapatikani, msogeze saa mbele kidogo, saa mbili na kitu kuelekea saa tatu, kwa muda mfupi. UVB bado ni kidogo, ila inazidi ile ya saa moja. Na mfunue! Nikiwa Mbagala naona mtoto kaanikwa kibarazani na sweta, soksi, kofia ya sufi na blanketi juu, kilichobaki nje ni pua. Pua peke yake haitengenezi vitamini D ya mwili mzima.

Jingine, na hili ni zito: jua la kibarazani si tiba ya manjano. Mtoto mchanga akigeuka manjano macho na ngozi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo akawekwe chini ya taa maalumu ikibidi.

---

Kalenjin wa Minneapolis

Niaje wadau. Mimi ni dereva wa lori huku Minnesota. Jua linanichoma kupitia dirisha siku nzima, hata mkono wa kushoto umekuwa mweusi kuliko wa kulia. Si hiyo inatosha?

---

Mfamasia wa Leicester

Ndugu yangu, hapo umeingia hasara pande zote mbili. Kioo cha gari kinazuia UVB, ile inayotengeneza vitamini D. Kinachopita kwenye kioo cha pembeni ni UVA, ambayo inatia ngozi weusi na kuizeesha. Mkono umekuwa mweusi bila malipo.

Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini, majira ya baridi ni kama London tu, jua halikusaidii kwa miezi kadhaa. Nafuu yako ni kwamba maziwa ya madukani Marekani kwa kawaida yameongezwa vitamini D, kama uniti 120 kwa kikombe. Huku Uingereza maziwa ya kawaida hayaongezwi, kwa hiyo wanaohama toka Marekani kuja huku wasidhani chai ya maziwa itawabeba.

---

Dagaa Kauzu

Tuambie chakula basi. Sisi wa Mwanza tunakula samaki kila siku.

---

Mfamasia wa Leicester

Chakula peke yake ni njia finyu mkuu, nitakwambia ukweli. Samaki wa mafuta ndio wafalme: kipande cha samoni cha gramu 85 kinakupa uniti 570 hivi. Kiini cha yai kina kama 44. Ini la ng'ombe, kipande kama hicho, 42. Ukitaka kufikisha uniti 400 kwa mayai peke yake, andaa mayai tisa kila siku, na mwenzako wa nyumbani akuvumilie.

Uyoga una kitu ukiwa umepigwa na UVB, vinginevyo hauna cha maana. Mchicha, matembele, maembe, machungwa, havina. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia vitamini tu wanakimbilia matunda.

Dagaa wako usiwaache hata hivyo. Wanaliwa na mifupa yao, na hiyo ni kalsiamu ambayo vitamini D inaisubiri.

Mafuta ya ini la samaki, yale tuliyonyweshwa utotoni tukiwa tumezibwa pua, kijiko kikubwa kimoja kina uniti 1,360. Ndiyo yaliyowatoa matege watoto wa Uingereza enzi ambazo moshi wa viwanda ulikuwa umefunika anga la miji yao. Mwaka 1919 Edward Mellanby alionyesha kwa watoto wa mbwa kwamba yanazuia matege, na mwaka huohuo Kurt Huldschinsky wa Berlin akawatibu watoto kwa taa ya mionzi. Njia mbili tofauti, dawa moja. Lakini mjamzito asiyaguse, yana vitamini A nyingi inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

---

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Maskati. Huku jua ni kali kuliko kwenu nyote na bado kila shoga yangu akipimwa anaambiwa vitamini D iko chini. Daktari mwenyewe kachoka kuandika. Wazee wanasema ni buibui. Mbona bibi yangu Unguja alivaa buibui maisha yake yote na mifupa yake ilikuwa chuma?

---

Mfamasia wa Leicester

Wa alaykum salaam dada. Swali zuri kuliko yote humu.

Bibi yako alivaa buibui akitoka. Nyumbani alikuwa na ua. Hebu mkumbuke: anachambua mchele uani, anakuna nazi, anaanika nguo, kanga moja kifuani, mabega wazi, mikono wazi, jua la saa nne linampiga na hakuna mwanamume anayemwona. Ile ilikuwa dozi yake, na hakuijua kuwa ni dozi.

Wewe uko fletini ghorofa ya tano. Hakuna ua. Kiangazi joto linapita nyuzi 40, mchana hatoki mtu, mnatoka magharibi kwenda kutembea ufukweni wakati kivuli kimeshakuwa kirefu. Gari lina kioo, nyumba ina kioo. Ghuba yote ina tatizo hilo, wanawake wakizidi, na wanaume wa ofisini nao wamo. Buibui halikubadilika sana. Nyumba ndiyo iliyobadilika.

Kama una kibaraza chenye faragha au paa, kitumie majira ya baridi ya huko, Novemba hadi Februari, ambapo jua la mchana linavumilika. Usiweke kioo katikati. Vinginevyo meza kidonge tu.

---

Bint Mkunazini

Umenikumbusha ua wa Mkunazini, Mungu amrehemu bibi. Jingine: vidonge vyenyewe ni halali? Nimesikia vina nguruwe.

---

Mfamasia wa Leicester

Vitamini D3 yenyewe nyingi inatoka kwenye mafuta ya sufi ya kondoo, hapo hakuna neno. Shaka iko kwenye ganda. Zile kapsuli laini zinazong'aa nyingi ni jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Soma boksi. Ukikosa maelezo chukua kidonge kikavu au matone. Ipo pia D3 ya kuvu-mwani kwa wasiokula chochote cha mnyama, na D2 ambayo inatokana na kuvu. Kati ya hizo mbili, D3 inapandisha kiwango vizuri zaidi.

Imeze na chakula chenye mafuta kidogo, inanyonywa vizuri zaidi hivyo. Si lazima biriani.

---

Asiyechomwa

Mimi nina ualbino. Maisha yangu yote naambiwa jua nilikimbie, leo mnahimizana mwende juani. Sisi tufanyeje?

---

Mfamasia wa Leicester

Mkuu, nashukuru umeuliza kabla mtu hajaondoka na nusu ya habari.

Ushauri wa kutafuta jua haukuhusu. Ngozi isiyo na melanini inatengeneza vitamini D haraka sana, hata mwanga unaokupata njiani kwenda dukani unafanya kazi. Saratani ya ngozi ndiyo hatari yako, na ni hatari kweli kweli. Endelea na kofia pana, mikono mirefu na losheni. Pale Moshi wanatengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ulizia namna ya kuipata mkoani kwako. Ukiwa na hofu ya vitamini D, kidonge kidogo kinamaliza hofu hiyo bila kuichoma ngozi.

---

Mwalimu wa Usa River

Huku kwetu watoto wengi wana matege. Wanacheza nje kutwa nzima. Mbona jua haliwasaidii?

---

Mfamasia wa Leicester

Mwalimu, matege si ya vitamini D peke yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili kuwa na miguu iliyopinda kidogo mara nyingi ni kawaida, inanyooka yenyewe. Upungufu wa kalsiamu nao unaleta matege hata jua likiwapo. Nigeria walilichunguza hilo na kuchapisha mwaka 1999: watoto wenye matege walipona vizuri kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa nafaka tupu, maziwa hakuna.

Na huko kwenu kuna la tatu, maji. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ndiyo sababu ya meno ya kahawia mnayoyaona kila siku, na ikizidi inapinda mifupa. Magadi ya kulainishia maharage nayo yanaongeza. Hapo kidonge cha vitamini D ni kumpaka rangi mgonjwa. Watoto waonwe na daktari wa mifupa, na kijiji kitafute maji mengine ya kunywa na kupikia.

---

Chuma cha Pua

Acheni porojo. Mimi kuna jamaa anauza kapsuli za uniti 50,000 mtandaoni. Nameza moja kila siku, nguvu zimeongezeka, kinga imepanda, na rafiki zangu nimewaunganisha. Vitamini haina madhara, ikizidi unaikojoa.

---

Mfamasia wa Leicester

Acha leo. Sikutanii.

Unazozikojoa ni vitamini C na kundi la B. Vitamini D inayeyuka kwenye mafuta na inajihifadhi mwilini. Ngozi ina breki yake: jua likizidi, inaanza kuivunja ile ya ziada, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuzidiwa na vitamini D ya jua. Kidonge hakina breki. Kalsiamu inapanda kwenye damu, unaanza na kiu, kukojoa kila mara, kichefuchefu, kufunga choo, kuchanganyikiwa, na mwisho wake ni mawe ya figo au figo kuharibika kabisa.

Kiwango cha juu kwa mtu mzima anayejinunulia mwenyewe ni uniti 4,000 kwa siku. Mahitaji ya kawaida kwa hesabu za Marekani ni 600, na 800 ukishavuka miaka 70. Ile ya 50,000 ipo kweli hospitalini, lakini ni moja kwa wiki, kwa majuma machache, kwa mtu aliyepimwa akakutwa na upungufu. Nenda kapime kalsiamu na figo wiki hii, na chupa uende nayo.

Hiyo nguvu na kinga pia tuipunguze chumvi. Marekani walifanya jaribio liitwalo VITAL, watu zaidi ya 25,000, uniti 2,000 kila siku kwa miaka kama mitano. Saratani hazikupungua, mshtuko wa moyo haukupungua, na mwaka 2022 wakaonyesha hata mifupa kuvunjika hakukupungua. Wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hapo ndipo penye somo: mwenye upungufu akipewa ananufaika, aliyejaa ukimwongezea unamtajirisha muuzaji. Mimi muuzaji nakwambia.

---

Nesi Tabora

Naongezea kidogo kwa ruhusa ya mleta mada. Wanaotumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, za kifafa kama fenitoini, fenobabito na kabamazepini, na baadhi ya ARV kama efavirenzi, dawa hizo zinaharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Mwambieni daktari ukiona maumivu ya mifupa au kupanda ngazi kumekuwa kazi. ILA MSIACHE DAWA. Narudia, msiache dawa.

---

Mzee wa Pwani

Haya, nimekuelewa kijana. Marahaba ya kule juu nilisahau kukuitikia. Sasa nikapime? Maabara ya jirani wana kifurushi cha vitamini D.

---

Mfamasia wa Leicester

Mzee, kama huna maumivu ya mifupa, unalima, unatoka nje, hela hiyo nunua samaki. Hata madaktari wa homoni wa Marekani katika mwongozo wao wa 2024 walisema mtu mzima mwenye afya asipimwe kwa mazoea. Kipimo ni kwa mwenye dalili, mwenye ugonjwa wa figo, ini au utumbo, au anayetumia dawa alizotaja Nesi. Uchovu peke yake una sababu mia; anza na wingi wa damu na sukari kabla ya kifurushi.

Ukija kupima, angalia kizio. Karatasi nyingine zinaandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Zidisha za kwanza kwa 2.5 upate za pili. Ukipata 22 za nanogramu hiyo ni 55, uko salama. Ukiwa na 22 za nanomoli, hapo una upungufu.

---

Kalenjin wa Minneapolis

Swali la mwisho boss. Nilimtumia mama mkwe chupa kutoka huku, imeandikwa 125 mcg. Nimeskia anameza moja asubuhi na moja jioni. Nilidhani 125 ni kidogo.

---

Mfamasia wa Leicester

Maikrogramu moja ni uniti 40. Kwa hiyo 125 ni uniti 5,000, na yeye anameza 10,000 kila siku. Asimamishe kwanza, apimwe kalsiamu, na daktari wake aambiwe kama anatumia dawa za presha za kukojoza, kwa sababu baadhi yake zinapandisha kalsiamu pia. Ukimtumia tena, tafuta chupa ya 20 au 25. Kwenu saa hizi ni mchana, Eldoret bado hawajalala. Mpigie.